Msimu wa Rono: Mkimbiaji Apimwe kwa Wenzake

Mjini Eldoret ubishi wa riadha humalizwa kwa saa. Anayetaja dakika 12 na sekunde 35 humnyamazisha anayetaja dakika 13 na sekunde 8, na mazungumzo yanasonga mbele. Kwa kipimo hicho Henry Rono, mzaliwa wa Nandi aliyefariki Nairobi tarehe 15 Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 72, ni jina la kale tu. Rekodi yake ya kwanza ya dunia katika mita 5,000 ilikuwa 13:08.4. Ya Joshua Cheptegei wa Uganda, iliyowekwa Monaco tarehe 14 Agosti 2020, ni 12:35.36. Wangekimbizwa pamoja, kila mmoja kwa muda wake, Cheptegei angekata utepe Rono akiwa bado amebakiza zaidi ya nusu ya mzunguko. Hesabu hiyo ni sahihi, ila swali lenyewe lina kasoro: linawashindanisha watu wawili waliotenganishwa na miaka 42. Swali la haki ni jingine. Mwaka ule, kwa viatu vile na elimu ile ya mazoezi, wenzake walikuwa wamefika wapi, naye aliwaacha kwa kiasi gani? Nikiuliza hivyo, naona msimu wa Rono wa 1978 ndio mkubwa kuliko msimu wowote wa mkimbiaji wa uwanjani aliyetoka katika nyanda hizi za juu, tangu Kipchoge Keino hadi Faith Kipyegon.

Wamarekani wamelizoea swali hili katika besiboli, mchezo unaotunza takwimu zake kwa bidii ya ajabu. Mwaka 1884 mrushaji mpira wa timu ya Providence, Charles Radbourn, alihesabiwa ushindi wa mechi 59. Vitabu vingine vinaandika 60, kwa sababu kanuni ya kumhesabia mrushaji ushindi ilikuwa bado haijatulia. Leo mrushaji akishinda mechi 20 kwa msimu anasifiwa nchi nzima, na wa mwisho kufika 30 ni Denny McLain, mwaka 1968. Je, Radbourn alikuwa bora mara tatu kuliko warushaji wa leo? La. Enzi zake timu ilikuwa na warushaji wachache mno, na mtu mmoja aliweza kurusha siku baada ya siku. Mwaka huohuo Guy Hecker wa Louisville, katika ligi nyingine, alishinda 52. Ile 59 ikisimama peke yake inapotosha. Ikiwekwa kando ya 52 ya Hecker inaanza kusema kweli: Radbourn aliwatangulia wenzake, ila si kwa umbali tunaoudhania tukiitazama kwa macho ya leo. Kwa Rono kanuni hiyohiyo inafanya kazi kinyume. Namba zake zinaonekana ndogo leo, na wenzake ndio wanaozirudishia ukubwa wake.

Basi tuzitazame. Mwaka 1978 Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, mjini Pullman, kaskazini-magharibi mwa Marekani, chini ya kocha John Chaplin. Tarehe 8 Aprili, Berkeley, alikimbia mita 5,000 kwa 13:08.4. Tarehe 13 Mei, Seattle, alimaliza mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4. Tarehe 11 Juni, Vienna, alikimbia mita 10,000 kwa 27:22.4. Tarehe 27 Juni, Oslo, alikimbia mita 3,000 za kawaida kwa 7:32.1. Ukihesabu siku ya kwanza na ya mwisho ni siku 81, na kila mojawapo ya mbio hizo nne ilikuwa rekodi ya dunia. Mbili za kwanza aliziweka kwenye mashindano ya vyuo, si katika zile jioni za Ulaya ambapo waandalizi hukusanya mabingwa na kuwapangia kasi. Kati ya Seattle na Vienna alipitia Eugene kukitetea chuo chake, akatwaa ubingwa wa vyuo wa viunzi na maji kwa 8:12.39. Baadaye, mwezi Julai, alishinda dhahabu mbili katika Michezo ya Afrika mjini Algiers, na Agosti mbili nyingine katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada.

Ili kujua uzito wa muda huo, ni lazima kwanza tujue rekodi zenyewe zilikuwa zikienda kwa mwendo gani kabla yake. Hapa ndipo ushahidi ulipo mnene. Mwezi Septemba 1972 Emiel Puttemans wa Ubelgiji alikimbia mita 5,000 kwa 13:13.0. Miaka ikapita, Michezo ya Olimpiki ikaja na kwenda, na rekodi haikuguswa hadi Julai 1977, Dick Quax wa New Zealand alipokimbia 13:12.9. Karibu miaka mitano ya jitihada za dunia nzima ilileta sehemu moja ya kumi ya sekunde. Rono, kwa alasiri moja, alipunguza sekunde 4.5. Hali ya mita 10,000 ilikuwa hiyohiyo. David Bedford wa Uingereza aliweka 27:30.8 mwaka 1973. Miaka minne baadaye Samson Kimobwa, Mkenya aliyesoma chuo kimoja na Rono, akaishusha hadi 27:30.5. Sehemu tatu za kumi za sekunde kwa miaka minne. Rono akashusha sekunde 8.1 kwa mara moja. Ile ya mita 3,000 ilikuwa ya Brendan Foster wa Uingereza tangu Agosti 1974, na Rono aliipunguza kwa sekunde 3 hivi. Katika viunzi na maji mwendo ulikuwa tofauti: Anders Gärderud wa Uswidi alikuwa ameishusha rekodi hiyo mara kadhaa, hadi 8:08.0 katika fainali ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Huko Rono aliikuta rekodi ikiwa bado changa, imetoka kwa bingwa aliyekuwa kwenye kilele chake, na bado aliipunguza kwa sekunde 2.6.

Kuna anayeweza kusema kwamba rekodi iliyogota miaka mitano ni rekodi legevu, inayosubiri mtu yeyote mwenye nguvu aje aiangushe. Hoja hiyo ingesimama kama watu wenye nguvu hawangekuwapo. Walikuwapo. Lasse Virén wa Ufini alishinda mita 5,000 na 10,000 mara mbili mfululizo katika Olimpiki, 1972 na 1976. Foster alikuwa katika ubora wake, Quax vilevile. Jambo linalonishawishi zaidi ni lile lililotokea baada ya Vienna. Mwezi uleule wa Juni, mjini London, Foster alikimbia mita 10,000 kwa 27:30.3, muda ambao wiki mbili kabla ungekuwa rekodi ya dunia. Agosti, katika ubingwa wa Ulaya mjini Prague, Martti Vainio wa Ufini alishinda kwa 27:31.0, na Venanzio Ortis wa Italia pamoja na Aleksandr Antipov wa Umoja wa Kisovieti wakamfuata kwa pengo la nusu sekunde tu. Wanne hao, wote ndani ya sekunde moja na ushei, wanatuonyesha ukuta wa mwaka 1978 ulikuwa wapi: 27:30. Rono alikuwa upande wa pili wa ukuta huo kwa sekunde 8, peke yake. Kwenye uwanja, sekunde 8 kwa kasi ile ni karibu mita 50.

Kipimo cha pili ni muda ambao wenzake walichukua kumfikia. Rekodi ya mita 5,000 aliivunja mwenyewe huko Knarvik, Norway, tarehe 13 Septemba 1981, kwa 13:06.20, na ni mwaka 1982 tu David Moorcroft wa Uingereza alipoichukua kwa 13:00.41. Rekodi ya mita 10,000 ilidumu miaka sita, hadi Fernando Mamede wa Ureno alipokimbia 27:13.81 mwaka 1984. Ile ya mita 3,000 ilidumu miaka 11, hadi Saïd Aouita wa Moroko alipokimbia 7:29.45 Agosti 1989. Ya viunzi na maji nayo ilidumu miaka 11, na kisa chake kinastahili kutazamwa kwa karibu. Julius Kariuki alishinda dhahabu ya Seoul mwaka 1988 kwa 8:05.51, rekodi ya Olimpiki, lakini bado nyuma ya Rono. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Julai, Stockholm, Peter Koech, Mnandi mwingine aliyepitia Washington State, alikimbia 8:05.35. Hiyo ni tofauti ya sehemu tano za mia moja za sekunde, baada ya miaka 11. Haki itendeke pia kwa Koech: muda wa Rono ulipimwa kwa saa ya mkono, na saa ya mkono kwa kawaida humpa mkimbiaji nafuu kidogo kuliko ile ya umeme. Hata ukimwongezea Rono sehemu mbili za kumi, hadithi haibadiliki. Kizazi kizima cha warukaji bora duniani, wengi wao Wakenya, kilikuja na kikaondoka kikiwa pale alipowaacha.

Na mbio hizo za viunzi ndizo zinazoupa msimu huu sura isiyo na mfano. Mrukaji hukutana na viunzi 28 vya kawaida na mabwawa 7 ya maji. Kiunzi kimoja kina urefu wa sentimita 91.4 na hakianguki kikiguswa kama kile cha mbio fupi. Ni gogo zito, ukilipiga goti ni wewe unayeanguka. Kila mruko huvunja mdundo wa hatua, na kila bwawa humtoa mtu na viatu vilivyolowa. Mwili unaofaa kazi hiyo si lazima uwe mwili unaofaa mizunguko 25 ya mita 10,000, na ule wa mita 10,000 si lazima uwe na kasi ya mita 3,000. Ndiyo maana mabingwa hugawana kazi. Rono alishika rekodi zote nne kwa wakati mmoja, na hakuna mwingine, kabla yake wala baada yake, aliyewahi kufanya hivyo. Sebastian Coe wa Uingereza, mwaka uliofuata, aliweka rekodi tatu ndani ya siku 41, za mita 800, maili na mita 1,500. Ni kazi kubwa sana, lakini mbio zile tatu ni za ukoo mmoja, na mwenzake Steve Ovett aliichukua ile ya maili kabla ya mwaka kutimia.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka hapahapa Eldoret, kwa mtu ambaye uwanja wa mji umepewa jina lake. Mwaka 1965 Kipchoge Keino aliweka rekodi ya mita 3,000 huko Helsingborg, Uswidi, kwa 7:39.6, akiivunja ile ya Mjerumani Siegfried Herrmann kwa sekunde 6.4. Novemba, Auckland, akaweka ya mita 5,000 kwa 13:24.2. Mwaka huohuo alikuwa amejitwalia dhahabu mbili katika Michezo ya kwanza ya Afrika mjini Brazzaville. Sekunde 6.4 ni zaidi ya mara mbili ya zile alizopunguza Rono katika umbali uleule! Na Ron Clarke wa Australia, mwaka uleule, alivunja rekodi 12, na katika mita 10,000 aliishusha rekodi yake mwenyewe kwa sekunde 36. Tukipima kwa ukubwa wa pengo peke yake, Keino na Clarke wanamshinda Rono, na sina sababu ya kulificha hilo. Lakini tuangalie wenzao walikuwa wakifanya nini. Mwaka 1965 rekodi za masafa haya zilikuwa zikiporomoka kutoka kila upande. Ile ya mita 3,000 ilivunjwa na Mfaransa Michel Jazy mwezi Juni, Herrmann akaivunja Agosti, na kabla Agosti haijaisha Keino akaichukua. Ile ya mita 5,000 Clarke aliivunja mara tatu kabla ya Keino kuifikia mwezi Novemba. Mlango ulikuwa wazi na watu kadhaa walikuwa wakipita. Keino alipita kwa kasi kuliko wengine katika mbio moja, na kwa sekunde 1.6 katika nyingine. Mwaka 1978 mlango ulikuwa umefungwa, na aliyeufungua alikuwa mmoja. Kuhusu Clarke, sehemu ya zile rekodi 12 zilikuwa za masafa ya maili yaliyokuwa jirani sana na yale ya mita, kiasi kwamba mbio moja iliweza kutoa rekodi mbili. Hayo yanamhusu pia Gunder Hägg wa Uswidi, aliyeweka rekodi 10 katika kiangazi cha 1942 na kuwa wa kwanza kumaliza mita 5,000 chini ya dakika 14. Namheshimu sana, lakini mwaka 1942 wenzake wengi wa Ulaya walikuwa vitani.

Wapo wanaosema kwamba rekodi ni kushindana na saa, na kwamba bingwa wa kweli hupimwa kwa nishani. Rono hana hata moja ya Olimpiki. Ni kweli hana, na sababu haikuwa miguu yake. Mwaka 1976 Kenya ilijiondoa Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa kupinga New Zealand kuruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1980 Kenya iliususia mji wa Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Mwaka 1978 wenyewe haukuwa na Olimpiki, na ubingwa wa dunia wa riadha haukuwapo hadi Helsinki 1983. Mashindano makubwa aliyoweza kuyafikia Mkenya yalikuwa mawili, Algiers na Edmonton, na Rono alitoka huko na dhahabu nne: mita 10,000, mita 5,000, na viunzi na maji mara mbili. Katika mita 5,000 za Edmonton Mkenya Mike Musyoki alikuwa wa pili, na Foster, yule ambaye rekodi yake ya mita 3,000 ilikuwa imeondoka wiki chache nyuma, akawa wa tatu. Hapo hakuna saa. Ni mtu kwa mtu.

Alishindwa pia, na takwimu za msimu zisizoandika kushindwa ni za upande mmoja. Katikati ya Septemba, London, alikutana na Steve Ovett katika mbio za maili mbili. Ovett alimpita mwishoni, akamaliza kwa 8:13.5, Rono sekunde moja na kidogo nyuma. Ovett alikuwa na mmalizio mkali kuliko karibu wote wa enzi yake, na Rono alikuwa mwishoni mwa msimu alioanza kuvunja rekodi tangu mapema Aprili. Simtolei udhuru. Nasema tu kwamba siku ile dunia ilihitaji mkimbiaji wa maili wa kiwango cha Ovett, kwa muda ambao ulikuwa bora kuliko wote uliokuwa umewahi kukimbiwa katika umbali huo, ili kumshinda Rono aliyechoka.

Anayebaki ni Faith Kipyegon, na kwake nasita zaidi kuliko kwa mwingine yeyote. Mwaka 2023, kati ya tarehe 2 Juni na 21 Julai, aliweka rekodi tatu za dunia: mita 1,500 kwa 3:49.11, mita 5,000 kwa 14:05.20 na maili kwa 4:07.64. Agosti, Budapest, akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500 na 5,000. Wengine humpunguzia kwa sababu ya viatu vyenye bamba la kaboni na taa za kuongoza kasi zinazowaka ukingoni mwa uwanja. Siikubali hoja hiyo, maana wenzake walivaa viatu vilevile na kuziona taa zilezile. Mtu anapimwa kwa waliokuwa naye, na hilo linamlinda Kipyegon kama linavyomlinda Rono. Ile maili yake, iliyoishusha rekodi kwa zaidi ya sekunde 4, naiweka juu ya mbio yoyote ya Rono ikichukuliwa moja moja. Lakini katika mita 5,000 pengo lake lilikuwa sekunde 1.42, na siku 100 baadaye Gudaf Tsegay wa Ethiopia akaiondoa rekodi hiyo kwa 14:00.21, karibu sekunde 5. Mwenzake mmoja, basi, alikuwa na uwezo zaidi yake katika umbali huo, mwaka huohuo. Mwaka 1978 hakuna aliyefika popote karibu na Rono katika mbio alizovunja rekodi. Kwa hiyo, kwa nishani na rekodi zikichanganywa, Kipyegon ana haki ya kudai kiti cha kwanza. Kwa kuwaacha wenzake mbali, katika mbio nyingi na za aina tofauti, kiti ni cha Rono.

Rono alifariki siku nne baada ya Kelvin Kiptum, mshika rekodi ya dunia ya marathoni, kupoteza maisha katika ajali ya barabarani karibu na Kaptagat. Nchi ilikuwa ikimlilia kijana wa miaka 24, na ilikuwa haki yake. Mzee wa 1978 hakupata nafasi kubwa katika maombolezo yale, na vijana wanaokimbia leo kati ya Eldoret, Iten na Kapsabet wengi wamelisikia jina lake bila kuziona namba zake zikiwa zimepangwa kando ya za wenzake.

Hilo linaweza kurekebishwa, na si kwa sanamu. Mashindano ya shule na ya kaunti hufanyika katika eneo hili kila mwaka, na mara nyingi kinachobaki kwenye daftari ni jina la mshindi na muda wake. Walimu wa michezo, makocha na maafisa wa riadha, nawaomba mwandike zaidi: tarehe, uwanja ni wa udongo au wa kisasa, saa ilikuwa ya mkono au ya umeme, na muda wa wa pili na wa tatu. Msichana anayemaliza mita 3,000 kwa dakika 10 katika uwanja wa udongo wenye matope, akamwacha wa pili kwa sekunde 20, huenda ana kipaji kikubwa kuliko anayemaliza kwa dakika 9 na nusu akiwa katikati ya wenzake watano. Bila muda wa hao wenzake, hakuna kocha atakayemtambua.